Fonetiki kwa Kioo, Karatasi na Vidole: Jinsi ya Kuzijua Sauti za Kiswahili Kinywani Mwako

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili huiogopa fonetiki kuliko somo lolote. Wanapewa jedwali lililojaa majina kama "kikwamizo ghuna cha midomo na meno", wanalikariri usiku kucha, wanaliandika kwenye mtihani, na wiki inayofuata limeshafutika. Naamini tatizo si wanafunzi. Tatizo ni kuanza na jedwali. Jedwali lije mwisho. Kwanza mtu aiguse sauti kwa vidole, aione kwenye kioo, aisikie ikipita puani. Akifika hapo, lile jina refu linakuwa maelezo tu ya kitu ambacho tayari anakijua.

Mwongozo huu ni wa kufanya, si wa kusoma umelala. Tafuta kioo kidogo, kipande cha karatasi nyepesi chenye upana wa vidole viwili, pipi ya kijiti, na simu yenye kinasa sauti. Tafuta pia mahali ambapo hutaona haya, kwa sababu utatoa milio mingi.

Hatua ya 1: Weka herufi kando

Herufi ni mavazi ya sauti, na mara nyingine mavazi hayalingani na mwili. Chukua neno "shingo". Lina herufi sita, lakini sauti ni tano: sh ni mlio mmoja ulioandikwa kwa herufi mbili. Na ile n iliyo katikati siyo n ya "nanasi", jambo ambalo tutalithibitisha baadaye.

Jizoeze kutaja sauti yenyewe badala ya jina la herufi. Usiseme "sa" wala "esi". Toa mlio mtupu: ssssss. Kisha ffffff, kisha mmmmmm. Kwa sauti kama p na t huwezi kuurefusha mlio, basi tamka "apa", "ata", na usikilize kinachotokea katikati ya zile a mbili. Huu mtindo wa kuiweka konsonanti kati ya a mbili utautumia mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Ifuate hewa

Weka kiganja tumboni, vuta pumzi, kisha sema aaaaaa mpaka pumzi iishe. Utahisi tumbo likirudi ndani polepole. Hewa inatoka mapafuni, inapanda kooni, inafika kinywani au puani, na viungo vya njiani vinaibana, vinaizuia au vinaiachia. Karibu sauti zote za Kiswahili zinatengenezwa kwa hewa hii inayotoka.

Nimesema karibu, kwa sababu kuna jambo ambalo mpwani hulifanya bila kujua. Weka kidole kwenye kongomeo, ile sehemu ngumu inayotokeza mbele ya shingo, kisha tamka "bata" taratibu na kwa nguvu kidogo. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha pwani kongomeo hushuka kidogo kabla midomo haijaachana, na hewa kidogo huvutwa kuingia badala ya kutoka. Sasa tamka "mbata", nazi iliyokauka. Kongomeo halishuki. Herufi b ni moja kwenye maneno yote mawili, ila kazi ya koo ni tofauti. Jaribu pia "dege" na "ndege", kisha "goma" na "ngoma". Ukikosa kuhisi tofauti usihangaike, kwani wengi wa bara hutamka b ya kawaida ya kutoa hewa, na hilo si kosa.

Na ukitaka kujua kwamba binadamu anaweza kutoa sauti bila kuyagusa mapafu, sonya. Ule msonyo wa kumdharau mtu hautumii pumzi ya mapafuni hata kidogo. Ulimi unanyonya hewa kuiingiza kinywani. Kwetu msonyo si sehemu ya maneno. Lakini Wahadzabe walio kandokando ya Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Dodoma wana konsonanti kamili zinazoundwa kwa namna ya kunyonya kama hiyo, na Wadahalo wa pwani ya Kenya wanazo pia. Kwao kunyonya hewa ni sehemu ya neno kama k ilivyo kwetu.

Hatua ya 3: Gusa kongomeo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nyuma ya kongomeo kuna nyuzi sauti, mikunjo miwili midogo ya misuli iliyofunikwa na utando laini. Zikiachana, hewa inapita kimya. Zikikaribiana, hewa inazitetemesha. Kwa mwanamume mtu mzima hutetemeka takriban mara 120 kwa sekunde anapozungumza, na kwa mwanamke takriban mara 200. Kasi hiyo ndiyo inayofanya sauti ya baba iwe nzito na ya mtoto iwe nyembamba. Mwaka 1854 Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha kuimba, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akazitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Wewe huhitaji kwenda mbali hivyo, vidole vinatosha.

Weka vidole viwili kwenye kongomeo. Toa ssssss. Kimya. Bila kusogeza ulimi wala kukata pumzi, badilisha iwe zzzzzz. Utahisi mtetemo kama simu inayoita mfukoni. Rudi kwenye s, mtetemo unakatika. Nenda s-z-s-z-s-z kwa pumzi moja. Ulimi uko palepale, meno yako palepale. Kilichobadilika ni koo tu. Sauti yenye mtetemo inaitwa ghuna, isiyo na mtetemo inaitwa si ghuna. Basi. Hilo neno linalowatisha watu halina siri nyingine.

Sasa pima jozi hizi, vidole vikiwa kooni: fua na vua, saa na zaa, pata na bata, tua na dua, chana na jana, koma na goma. Kwenye kila jozi neno la kwanza linaanza bila mtetemo na la pili linaanza nao. Halafu nong'ona. Nong'ona "saa", kisha nong'ona "zaa", na umwombe mtu aliye upande wa pili wa chumba akuambie umesema lipi. Atababaika, kwa sababu katika mnong'ono nyuzi hazitetemeki, na tofauti iliyowekwa na koo inapotea.

Wakati vidole viko hapo, shika karatasi kwa juu, ining'inie mbele ya midomo umbali wa kama sentimita tano, na useme "paa". Nina kumbukumbu na karatasi hii. Darasani nilikuwa nikieleza kwamba paa la nyumba na paa mnyama wa porini ni maneno yanayotamkwa sawasawa. Binti mmoja wa Mombasa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kwetu hayo hayasemwi sawa."

"Yasemeni basi tusikie, mwanangu."

Akasema mara mbili. Nusu ya darasa hawakusikia chochote. Nikampa karatasi. Aliposema paa la nyumba, karatasi ilitikisika kidogo. Aliposema paa wa porini, iliruka mpaka ikamgusa pua. Katika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kuna p inayosindikizwa na pumzi na p isiyo nayo, na tofauti hiyo inatenganisha maneno. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini: huyu wa baharini ana pumzi nyingi baada ya k. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaionyeshi pumzi hiyo, kwa hiyo anayejifunza kwa macho peke yake hataijua kamwe. Tangu siku hiyo sifundishi kipindi hiki bila karatasi, na sisemi tena "yanatamkwa sawasawa" bila kuuliza kwanza nani yumo darasani.

Hatua ya 4: Funga pua

Bana pua kwa vidole na useme "mama". Utasikia "baba", au kitu kinachokaribia sana. Ndiyo maana mtu mwenye mafua makali humwita mama yake kwa sauti ya ajabu.

Sababu ni hii. Pitisha ncha ya ulimi juu ya kinywa kuanzia nyuma ya meno. Kwanza unakuta ufizi, kale kamwinuko. Kisha kaakaa gumu, lile paa la mfupa. Ukisogea nyuma zaidi mfupa unaisha na nyama inakuwa laini. Hilo ni kaakaa laini, na mwisho wake kinaning'inia kimio. Kaakaa laini ni mlango. Likiinuka, linaziba njia ya puani na hewa yote inatokea kinywani. Likishuka, hewa inapita puani. Kwa m na b midomo inafungwa vilevile na koo linatetemeka vilevile. Mlango wa pua ukiwa wazi unapata m. Ukifungwa unapata b.

Sauti za puani huitwa nazali, na Kiswahili kina nne: m, n, ny na ng'. Toa kila moja kwa kuirefusha na uangalie ulimi uko wapi. Kwa m midomo imefungwa. Kwa n ncha ya ulimi iko kwenye ufizi. Kwa ny ya "nyama" mgongo wa ulimi umeinuka kwenye kaakaa gumu. Kwa ng' ya "ng'ombe" sehemu ya nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini na ncha imelala chini, haina kazi.

Sasa rudi kwenye "shingo". Anza kulitamka na usimame ghafla kabla ya g. Ncha ya ulimi iko wapi? Imelala chini. Kumbe tunaandika n lakini tunatamka ng'. Ulimi unajua kwamba g inakuja, na g hutengenezwa nyuma, kwa hiyo unajitayarisha mapema.

Nazali ina ujanja mwingine: inaweza kuwa silabi peke yake. Tamka "mtu" na upige kofi kwa kila silabi. Makofi mawili, m na tu. Sasa mbuni, ndege mkubwa asiyeruka, halafu mbuni, mti wa kahawa. Ndege ana makofi mawili, mbu-ni. Mti una matatu, m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale.

Hatua ya 5: Chukua kioo, tafuta mahali

Kila konsonanti ina mahali pake. Tembea kutoka mbele kwenda nyuma, ukiweka kila moja kati ya a mbili mbele ya kioo.

Apa, aba, ama: midomo miwili inakutana. Afa, ava: mdomo wa chini unagusa meno ya juu. Atha, adha: ncha ya ulimi inaonekana kati ya meno, kama huioni kwenye kioo, umetamka s au z. Ata, ada, ana, asa, aza, ala, ara: ulimi unafanya kazi kwenye ufizi. Asha, acha, aja, anya, aya: ulimi umesogea nyuma, kwenye kaakaa gumu au mpakani mwake. Aka, aga, agha, ang'a: nyuma kabisa, kaakaa laini. Aha: kinywani hakuna kizuizi, msuguano uko kooni. W ina mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa midomo inaviringana huku nyuma ya ulimi ikiinuka.

Hatua ya 6: Angalia hewa imezuiwaje

T na s zote hutengenezwa kwenye ufizi, tena zote si ghuna, lakini hakuna anayezichanganya. Tofauti ni namna ya kuzuia. Kwa t hewa inafungiwa kabisa kisha inaachiwa kwa mpasuko, ndiyo maana tunaiita kipasuo. Wenzake ni p, b, d, k na g. Kwa s mlango haufungwi, unaachwa upenyo mwembamba na hewa inapita ikikwaruza. Hicho ni kikwamizo, na kundi lake ni kubwa: f, v, th, dh, s, z, sh, gh, h. Ch huanza kama kipasuo na kuishia kama kikwamizo, kwa hiyo huitwa kipasuo-kwamizo; j huwekwa naye, ingawa pwani hutamkwa kama kipasuo kile cha kuvuta hewa ndani nilichokitaja.

L ni kitambaza. Weka ulimi kama unayetaka kusema l, usitoe sauti, kisha vuta pumzi kwa mdomo. Utahisi ubaridi pembeni mwa ulimi. Huko ndiko hewa inakopita, pembeni, wakati ncha imeganda kwenye ufizi. R ni kimadende: ncha inapigapiga ufizi. Vitabu huieleza kama mtetemo wa mapigo mengi, lakini ukisikiliza mazungumzo ya kawaida, r ya "kura" mara nyingi ni pigo moja jepesi tu. W na y ni viyeyusho, au nusu irabu, kwa kuwa hewa haikutani na kizuizi cha maana.

Hatua ya 7: Pipi ya irabu

Kwa irabu hakuna mahali pa kugusa, na hapo kijiti cha pipi kinasaidia. Weka pipi katikati ya ulimi, kijiti kikitokeza nje, simama mbele ya kioo na useme i, e, a bila kukata pumzi. Kijiti kinatembea: taya na ulimi vinashuka hatua kwa hatua. Kwa i ulimi uko juu na mbele, kwa e uko kati na mbele, kwa a uko chini kabisa. Kisha a, o, u: unapanda tena, ila safari hii nyuma, na midomo inaviringana. Hizo ndizo tano zetu, na jirani yoyote anayejifunza Kiswahili afurahi kuwa ni tano tu, tena kila moja inaandikwa kama inavyotamkwa.

Hatua ya 8: Tazama sauti zinapokutana

Ukiisha kujua mahali na namna, sarufi nyingi uliyokariri inajieleza. Wingi wa "ulimi" ni "ndimi": u imeondoka, n imekuja mbele. L imekwenda wapi? Nazali n inafunga ufizi kabisa, hewa ikipita puani. L inataka ncha ibaki hapohapo lakini pembeni pafunguke. Mlango wa pua ukifungwa kabla pembeni hapajafunguka, kinachobaki ni ufizi uliozibwa pamoja na mtetemo wa koo, na hiyo ni d. R nayo yaishia hapohapo: mtu mrefu, lakini njia ndefu. "Ubavu" huwa "mbavu" kwa sababu ile n ya wingi imeifuata midomo ya b na kugeuka m. Mwanafunzi aliyepita hatua ya nne na ya tano anaweza kuyatabiri haya kabla hujamwambia.

Sasa ndipo ufungue jedwali. Utakuta pia alama maalumu zilizoanzishwa na Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoundwa Paris mwaka 1886, ambazo lengo lake ni kila sauti iwe na alama yake moja. Kwa Kiswahili anza na hizi: [ʃ] ni sh, [θ] ni th, [ð] ni dh, [ɣ] ni gh, [ɲ] ni ny, [ŋ] ni ng'. Jihadhari na [j], ambayo ni y yetu na siyo j. Hapo wengi hupoteza maksi za bure mtihanini. Ukiwa na kompyuta, programu ya Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inayochora picha ya sauti uliyoirekodi, hupatikana bure, na itakuonyesha kipasuo kama pengo la kimya na s kama ukungu mzito sehemu ya juu ya picha.

Kumsaidia anayeshindwa kutamka

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto anayesema "kura" akimaanisha kula huchekwa na darasa zima, na mara nyingine mwalimu ndiye anayeanza kucheka. Mtoto huyo si mzembe. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r, na sikio lililokua nazo limezoea kuzihesabu kama sauti moja. Kumwambia "sema vizuri" hakumfundishi chochote. Mweleze ulimi ufanye nini.

Anza na l, kwa lile jaribio la ubaridi. Mwambie ncha igande: alllla. Kwa r, mwombe aseme "ada, ada, ada" haraka na kwa wepesi sana, kama ulimi unagusa bati la moto na kuondoka. D ikilegezwa hivyo kati ya irabu mbili hugeuka r ya pigo moja. Akiipata, mpe "ara, iri, uru", kisha jozi: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Usimpe sentensi kabla ya jozi.

Kwa th na dh, mpe kioo na umwambie lazima auone ulimi wake. Mazoezi mazuri ni "thamani ya samani" na "dhana ya zana". Kwa gh, aanze na g kisha aulegeze ulimi usigande, hewa ikwaruze. Inafanana na kusukutua koo, ila mbele kidogo na bila maji. Dakika tano kwa siku zinatosha, na zifanyike ninyi wawili tu, pasipo darasa la kutazama.

Siku ya kwanza mrekodi akisoma zile jozi kwenye simu. Mrekodi tena baada ya wiki mbili, maneno yaleyale, kisha mchezee rekodi zote mbili mfululizo, na umwachie yeye aseme amesikia nini.